Mark Rothko alirudisha hela ya mgahawa wa matajiri New York. Kwa nini hasa?

Kibao Cheusi (#1)
Wakuu habari za jioni. Kuna kitu kinanisumbua wiki nzima, nataka tukijadili. Huyu mchoraji Mark Rothko, yule wa mistatili mikubwa ya rangi inayoelea moja juu ya nyingine, mwaka 1958 alipewa kazi ya kuchora picha za kuwekwa kwenye mgahawa wa Four Seasons ndani ya jengo la Seagram, New York. Malipo dola 35,000, na kwa enzi zile hiyo ni hela ya maana sana. Jamaa akakodi sehemu iliyokuwa ukumbi wa mazoezi mtaa wa Bowery, akasimamisha mbao za kuigiza vipimo vya chumba chenyewe ili asikosee, akachora kama picha 30 hivi, maruni, nyekundu iliyoiva, nyeusi. Halafu akarudisha hela. Picha akabaki nazo, mgahawa haukupata hata moja.

Huyu ni mtu mwenye mke na mtoto, miaka 56, na alishaishi kwa kubangaiza muda mrefu. Mimi naona ni kiburi, lakini kiburi cha heshima, hakutaka kazi yake igeuke pambo la ukuta. Nyie mnaonaje?

Mzee wa Nyuzi (#2)
Nakaa hapa mbele. Ngoja waje wenye uchoraji wao.

Zuhura K (#3)
Asante kwa uzi. Mi sikubaliani na hilo la kiburi. Kilichotokea ni kwamba mgahawa ulipofunguliwa 1959 alienda kula pale yeye na mke wake Mell. Waliporudi alikuwa amekasirika hadi akamwambia msaidizi wake kwamba mtu anayekula chakula cha aina ile kwa bei zile hawezi hata siku moja kuangalia picha yake. Basi hela ikarudi. Kwa hiyo ni chakula kile cha usiku mmoja ndo kiliamua, hakuna falsafa ndefu. Aliingia, akaona wale watu, akaona hawatainua macho kutoka kwenye sahani.

Ndugu Fremu (#4)
Zuhura hapo umesema nusu. Mtu huyu alishajua watu wenyewe ni akina nani kabla hajala. Mwaka huohuo 1959, kabla ya hicho chakula, alikuwa kwenye meli anaelekea Ulaya na familia, akakutana na mhariri wa jarida la Harper's anaitwa John Fischer. Wakapiga stori kwenye baa ya meli. Rothko akamwambia waziwazi kwamba ameipokea ile kazi kwa nia mbaya, anataka kuchora kitu kitakachomkata hamu ya kula kila tajiri atakayekaa mle ndani, na akawatukana matusi ya nguoni. Sasa mtu anayesema hivyo hajadanganywa kuhusu aina ya wateja. Alikuwa anaenda vitani. Maelezo yangu ni haya: alipokaa kwenye kile kiti akagundua vita atashindwa. Wale watakula vizuri tu, na picha zake zitakuwa kama pazia.

Kibao Cheusi (#5)
#4 dah, hiyo sikuijua. Sa kama alitaka kuwaharibia hamu, si angeziweka tu zikafanye hiyo kazi?

Msoma Usiku (#6)
Tuwe waangalifu kidogo na hiyo stori ya meli. Fischer aliichapisha Julai 1970, Rothko ameshafariki miezi mitano nyuma. Ni kumbukumbu ya mtu mmoja, ya mazungumzo ya baa, miaka 11 baadaye. Sisemi ni uongo, mi naamini mengi aliyoandika maana yanafanana na tabia ya mzee. Ila tukiijenga hoja yote juu ya maneno yale tunajenga juu ya ushahidi wa mtu mmoja.

Halafu kuna simulizi nyingine kabisa, na hii ilitoka kwake mwenyewe, kwamba alielewa picha zitaonekana na wafanyakazi wa jengo na siyo matajiri peke yao. Hizo mbili haziwezi kukaa kwenye chungu kimoja. Ama alijua ni mgahawa wa wakubwa, ama alidhani ni sehemu ya wafanyakazi. Alikuwa anabadilisha maelezo kulingana na anayemsikiliza.

Zuhura K (#7)
#6 hapo nakuelewa. Lakini binadamu anaweza kuwa na sababu mbili zinazopingana na zote za kweli. Mi nikigombana na mtu ukaniuliza leo na ukaniuliza mwaka kesho nitakupa sababu mbili tofauti na sitakuwa nimedanganya.

Fundi Rangi (#8)
Salamu wakuu. Mi nimepaka rangi kuta miaka 17, ndani na nje, na nimeandika vibao vya kutosha. Nauliza kwa dhati kabisa, sitanii. Nimeangalia hizo picha kwenye simu. Mstatili mwekundu juu, mweusi chini, pembeni pamefifia. Hiyo mi naimaliza kabla ya saa sita mchana na brashi naosha. Kwa nini huyu anaitwa mkubwa na fundi anaitwa fundi?

Mzee wa Nyuzi (#9)
Fundi kaingia na ndoo yake kabisa 😂

Ndugu Fremu (#10)
Fundi swali lako ni zuri kuliko wengi wanavyodhani, na wewe ndo utanielewa kuliko hawa wengine. Kwanza ukubwa. Kwenye simu unaona kitu cha sentimita saba, kumbe kuna zinazofika karibu mita 2.7 kwenda juu, na zile za Seagram nyingine zina upana wa zaidi ya mita 4. Pili, hakupaka mkono mmoja. Alianza na gundi ya ngozi ya sungura iliyochemshwa, ndani yake kaweka unga wa rangi, akaipaka kwenye kanvasi moja kwa moja ili kitambaa chenyewe kinywe rangi. Baada ya hapo ni mikono juu ya mikono, rangi ya mafuta kaizimua na tapentaini hadi inakuwa kama chai, saa nyingine anachanganya yai zima, saa nyingine dama, yaani utomvu wa mti. Kila mkono mwembamba kiasi kwamba wa chini unaonekana kupitia wa juu. Ndo maana ukikaa mbele yake dakika kumi ile nyekundu inaanza kusogea, maana mwanga unaingia hadi chini ukirudi unarudi na rangi nne au tano.

Wewe fundi unajua kazi ya kuzimua rangi mpaka ibaki inang'ata lakini haifuniki. Ijaribu kwenye mita 4 bila kuacha mchirizi.

Fundi Rangi (#11)
Mmh. Hapo kwenye kuzimua nimekuelewa. Ukizidisha tapentaini rangi inakosa kishikio, baada ya muda inakuwa unga ukipitisha kidole. Yeye hazikumfanyia hivyo?

Ndugu Fremu (#12)
Zilimfanyia, tena vibaya. Wengine watakuja na habari ya Harvard, nawaachia.

Mwalimu Tabu (#13)
Jamani mnaruka maisha ya mtu mnakimbilia hela. Tuanze kule alikotoka labda jibu liko huko. Alizaliwa 25 Septemba 1903 mji wa Dvinsk, jina lake Markus Rothkowitz, familia ya Kiyahudi, baba mwenye duka la dawa. Baba na kaka zake wakatangulia Marekani, yeye na mama na dada wakafuata 1913, kijana ana miaka 10 hajui Kiingereza. Wakafikia Portland, Oregon. Miezi michache tu baba akafariki, 1914. Mtoto akaingia kuuza magazeti.

Akasoma kwa bidii, akapata ufadhili wa kwenda Yale 1921. Mwaka mmoja tu ufadhili ukakatwa. Sasa sikilizeni hapa: ili aendelee kusoma akawa mhudumu wa mezani na kijana wa kupeleka vifurushi. Mhudumu. Alibeba sahani za watoto wa wakubwa ambao walikuwa wanasoma naye darasa moja. Akaacha chuo 1923 bila digrii. Mnataka kuniambia huyo mtu akiingia kwenye mgahawa wa kifahari 1959 anaona rangi za ukuta? Anaona mhudumu. Mi naamini hasira ya ule usiku ilianzia Yale.

Na Yale walikuja kumpa shahada ya heshima 1969, miaka 46 baadaye.

Kibao Cheusi (#14)
Mwalimu umeniacha mdomo wazi. Hiyo ya mhudumu sijawahi kuiona mtu akiiunganisha na Seagram.

Chausiku (#15)
Kwa hiyo ni Mlatvia au Mrusi? Mi kila ninaposoma naona tofauti.

Mwalimu Tabu (#16)
Dada Chausiku, mji ni uleule, mwenye mji ndo alibadilika. Alipozaliwa ilikuwa Dola ya Urusi, leo panaitwa Daugavpils na ni Latvia. Wamemjengea kituo cha sanaa chenye jina lake, kilifunguliwa 2013. Uraia wa Marekani alichukua 1938, na jina la Mark Rothko akaanza kulitumia 1940.

Niongeze moja la kazi yangu. Huyu mtu alifundisha watoto uchoraji Brooklyn kuanzia 1929 hadi 1952. Miaka 23! Wengi wanaandika kana kwamba alishuka mbinguni na mistatili yake. Kumbe asubuhi alikuwa na watoto na makopo ya rangi, na ile staili yake kubwa inayojulikana ameifikia 1949, 1950, akiwa na miaka 46. Kabla ya hapo alichora watu kwenye vituo vya treni za chini ya ardhi, akachora mambo ya hadithi za kale za Wagiriki, akachora mawingu ya rangi yasiyo na mpaka. Mi nafundisha darasa la tatu, najua ukitoka kule kichwa kimebaki na nguvu kiasi gani ya kushika kazi yako mwenyewe. Huyo mtu namheshimu kwa hilo kabla ya kitu kingine.

Zuhura K (#17)
Shikamoo mwalimu. Nakubali hilo la mhudumu lina uzito, ila mi nina jingine. Kwenye safari ileile ya 1959 alienda Florence, akarudi kwenye ukumbi wa ngazi wa maktaba ya Laurenziana aliyobuni Michelangelo. Alishawahi kuiona kabla, mwaka 1950. Ule ukumbi una madirisha ya uongo, yamezibwa, ukuta mtupu ndani ya fremu. Unasimama unahisi umefungiwa. Yeye akasema ndo kitu alichokuwa anakifanya bila kujijua. Na ukiangalia picha za Seagram kweli haziko kama zile za mwanzo zenye mstatili kamili, ni fremu, kama dirisha au mlango uliozibwa. Sasa mtu akishagundua kwamba ametengeneza chumba kizima, siyo picha za kutundika, atawapaje watu wa mgahawa waje waweke maua na vinywaji mbele yake?

Msoma Usiku (#18)
Hapo sasa naomba niwatibue wote. Mnasema tatizo lilikuwa chakula na meza na wateja. Haya. Mwaka 1962 anachora picha nyingine kubwa, tano zikafungwa Chuo Kikuu cha Harvard, jengo la Holyoke Center, zawadi kwa chuo. Mnajua ziliwekwa wapi? Kwenye chumba cha kulia chakula. Ghorofa ya juu kabisa, madirisha makubwa, wakubwa wa chuo wanakula.

Kwa hiyo miaka mitatu baada ya kukataa mgahawa anakubali chumba cha chakula. Nielezeni.

Mzee wa Nyuzi (#19)
Aisee. Kimya kimetanda ghafla.

Mwalimu Tabu (#20)
Chuo siyo mgahawa. Pale hakuna anayelipia ukuta.

Zuhura K (#21)
Na Harvard alitoa zawadi. Ukitoa zawadi wewe ndo mwenye nguvu. Ukilipwa 35,000 mwenye hela ndo mwenye nguvu. Mbona rahisi.

Msoma Usiku (#22)
Zuhura hoja yako ni nzuri lakini sasa umeacha ile ya chakula na ile ya Florence, umehamia ya hela. Naandika tu kwenye daftari.

Ndugu Fremu (#23)
Harvard nimalizie ili Fundi apate jibu lake la #11. Zile picha ziliharibika. Mzee alitumia rangi nyekundu moja inaitwa Lithol Red, nzuri kwa macho lakini haivumilii jua. Chumba kina madirisha ya vioo, mapazia yakawa yanaachwa wazi, watu wanataka kuona mji. Ndani ya miaka michache nyekundu inakimbia. Sehemu zilizokuwa na wekundu wa zambarau zikawa kama bluu iliyopauka. Juu yake chakula kikamwagika, viti vikagonga. 1979 zikatolewa zikafungiwa stoo.

Sasa ufumbuzi wake ndo mtamu. Huwezi kuzipaka tena maana hakuweka vanishi juu, ukigusa unaingia kwenye rangi yake yeye. Kwa hiyo Harvard mwaka 2014 wakazitoa wakazimulikia kwa projekta, kila nukta ya mwanga imepigiwa hesabu iongeze wekundu pale tu ulipopotea. Ukisimama ulikuwa unaona picha kama ilivyokuwa 1964. Kila siku saa kumi jioni walikuwa wanazima mwanga ule na watu wanakusanyika kuangalia rangi inaondoka.

Fundi Rangi (#24)
Naomba nikae chini. Hii nimeiishi. Kuna shule fulani niliandika jina lake ukutani, herufi nyekundu zenye kivuli cha bluu, upande unaopigwa na jua la mchana. Walinipa rangi wameshanunua wenyewe, nikawaambia hii nyekundu haitadumu, wakasema andika. Mwaka wa pili nikapita pale, nyekundu imeondoka yote, kimebaki kivuli cha bluu peke yake kimeshikilia hewa. Jina linasomeka kwa kivuli tu. Watu walidhani nimefanya kazi mbovu. Nilisimama pale nikaumia sana.

Kwa hiyo huyu mzee naye alipewa jua. Au alijichagulia rangi mwenyewe?

Ndugu Fremu (#25)
Alijichagulia. Ila kufungua mapazia hakuwa yeye.

Neema wa Houston (#26)
Habari zenu, nimekuwa nasoma kimya ila hapa siwezi kupita. Mi naishi Houston na pale kwenye kanisa lake, Rothko Chapel, nimeingia mara nyingi kuliko nilivyoingia mahali popote pa sanaa. John na Dominique de Menil, mke na mume wapenda sanaa, walimpa kazi hiyo 1964, likafunguliwa Februari 1971, yeye hayupo tena. Picha 14, chumba cha pande nane, halifungwi na dini yoyote.

Mara ya kwanza niliingia natoka juani, nikaona nyeusi tupu. Nikasema nimedanganywa. Nikakaa kwenye benchi kwa sababu miguu ilikuwa inauma. Wingu likapita juu ya paa maana mwanga unatoka juu, na ile "nyeusi" ya mbele yangu ikawa zambarau, halafu ikawa kama ganda la mbilingani, na pembeni yake nikaona mikono ya brashi, inazunguka, mingi, kama mtu aliyekuwa anafuta kioo. Wingu likaondoka ikarudi nyeusi. Mama mmoja upande wa pili alikuwa analia bila sauti, hakuna aliyemwangalia. Nilikaa saa nzima na robo.

Sasa kuhusu swali la mleta uzi. Ukitoka pale huulizi tena kwa nini alikataa mgahawa. Alikuwa anatafuta chumba. Four Seasons ilikuwa jaribio la kwanza la chumba, akaona siyo, akaendelea kutafuta hadi akapewa kanisa.

Chausiku (#27)
Neema nimesoma hiyo ya wingu mara mbili. Asante.

Msoma Usiku (#28)
#26 inaungana na kitu kimoja: mwaka 1960 Duncan Phillips, mwenye jumba la sanaa pale Washington, alizitengea picha zake tatu kachumba kadogo peke yake. Rothko alipotembelea akawa anarekebisha mwanga, na viti akataka libaki benchi moja tu. Kwa hiyo hoja ya chumba ina miguu. Lakini Harvard bado ni chumba cha chakula, siachi.

Kipanga wa Juu (#29)
Nyie mnalia na mawingu, wenzenu wanahesabu. Picha zake si zinauzwa dola milioni 40? Alirudisha 35,000 leo picha moja ni mtaa mzima.

Ndugu Fremu (#30)
Kipanga sahihisha. "Orange, Red, Yellow" ya 1961 iliuzwa kwenye mnada wa Christie's Mei 2012 kwa dola milioni 86.9. Na kabla yake 2007 nyingine ilienda kama milioni 72.8. Hizo hela yeye hazikumgusa, aliuaga ulimwengu 25 Februari 1970.

Kipanga wa Juu (#31)
Nimepokea. Basi watoto wake wako vizuri.

Msoma Usiku (#32)
Hapo ndo pabaya kuliko yote, na ni funzo kwa kila mwenye mali humu. Alipofariki, wasimamizi wa mirathi walikuwa watu watatu, rafiki zake: Bernard Reis mhasibu, Theodoros Stamos mchoraji mwenzake, na Morton Levine. Picha zilizobaki 798. Ndani ya miezi mitatu wakawa wameshasaini na galeri ya Marlborough. Picha 100 wakaziuza kwa dola milioni 1.8, hela inalipwa kidogokidogo kwa miaka 12 bila riba. Nyingine 698 wakaziweka mikononi mwa galeri iuze kwa kamisheni ya nusu kwa nusu. Na Reis mwenyewe alikuwa mtu wa ndani wa hiyo galeri! Stamos naye akaja kupata mkataba nayo.

Mke, Mell, akafariki Agosti mwaka huohuo 1970, miezi sita tu baada yake. Wakabaki Kate, msichana wa miaka 19, na Christopher, mtoto wa miaka 6. Huyo binti akawashtaki wote 1971. Hukumu ikatoka 1975: wasimamizi wakaondolewa, mikataba ikafutwa, na faini na fidia zikapita dola milioni 9. Mwenye galeri, Frank Lloyd, alikuja kutiwa hatiani 1983 kwa kuchezea ushahidi wa kesi hiyohiyo.

Na Rothko alikuwa amezikwa kwenye eneo la makaburi la familia ya Stamos. Watoto walimhamisha 2008.

Chausiku (#33)
Subhanallah. Kwenye makaburi ya Stamos!

Mama Wawili (#34)
Hii ya mirathi imenitoa machozi nikiwa kazini. Baba yetu alipofariki msimamizi alikuwa rafiki yake wa ujana, tunamwita baba mdogo, amekula kwetu kila sikukuu. Nilikuwa na miaka 20, mdogo wangu wa mwisho 8. Alileta karatasi jioni ya siku ya saba, watu bado wamekaa kwenye mikeka, akasema saini hapa mwanangu mambo yaende haraka. Sikusaini. Sijui nilitoa wapi nguvu, nilisema tu kalamu yangu imeisha wino, nikaingia ndani. Ile wiki niliyopata ndo ilituokoa. Kwa hiyo Kate namjua bila kumjua.

Mwalimu Tabu (#35)
Mama Wawili pole sana mwanangu na hongera. Ulifanya la mtu mzima.

Kibao Cheusi (#36)
Mama Wawili pole na asante kwa kutushirikisha. Wakuu naomba turudi kidogo, kuna mtu kanitumia ujumbe pembeni anasema alirudisha hela kwa sababu ya ugonjwa na sonona, na ndo iliyokuja kumuua.

Zuhura K (#37)
Tarehe hazikubali. Mshipa wake mkuu wa damu ulipata shida 1968, na hapo ndo daktari akamkataza picha za zaidi ya kama mita moja kwenda juu, akahamia kwenye karatasi na akriliki. Hela ilirudi miaka karibu tisa kabla. Na kujiua kwake naomba tusikugeuze kuwa jibu la kila kitu. Ndoa ilikuwa imevunjika, mwili umechoka, anakunywa, anaishi kwenye studio peke yake. Watu wanaangalia zile nyeusi na kijivu za 1969 wanasema "aliona kifo". Kipindi hichohicho kwenye karatasi alikuwa anapaka waridi na bluu laini.

Ndugu Fremu (#38)
Zuhura hapo nakupa mkono.

Saidi wa Mbali (#39)
Nimechelewa. Mi nilikuwa London 2018, nikaenda jumba la sanaa la Tate Modern kwa ajili ya picha hizohizo za Seagram, maana mwishowe picha tisa kati yake aliwapa Tate. Alipenda ziwe karibu na picha za Turner, mchoraji Mwingereza wa zamani. Zilifika London siku ileile alipokutwa amefariki New York, 25 Februari 1970.

Chumba kina giza kidogo, yeye mwenyewe alitaka mwanga hafifu. Niliingia na mwanangu wa miaka sita nikidhani atataka kutoka. Akakaa sakafuni katikati. Baada ya muda akauliza, baba, hii milango inafunguka upande gani? Sikumwambia chochote kuhusu milango. Ile "Black on Maroon" iliyowahi kuandikwa na mtu kwa wino 2012 nayo ilikuwepo, walikaa nayo mwaka na nusu wanaisafisha. Nilitafuta alama nikakosa.

Zuhura K (#40)
Milango! Si nilisema #17. Mtoto kaiona Florence yote.

Msoma Usiku (#41)
Mtoto kaona milango, Harvard wameona meza. Bado niko palepale, ndugu zangu.

Kibao Cheusi (#42)
Nimeanza na kiburi, sasa nina mhudumu wa Yale, chakula cha usiku mmoja, nguvu ya mwenye hela, kutafuta chumba, na Harvard inayovuruga yote. Kiburi nakiondoa kwenye orodha yangu. Naegemea kwa Mwalimu na kwa Neema kwa pamoja, lakini kesho sijui.

Fundi Rangi (#43)
Wakuu nimerudi, wiki tatu zimepita. Nilichukua ubao, nikapaka nyekundu mbili, ile ya bei rahisi na ile niliyozoea, zote nimezizimua kama Ndugu Fremu alivyosema, mikono mitano myembamba, nikisubiri kila mmoja ukauke. Nusu nikafunika na katoni nikaweka juu ya bati.

Leo nimetoa katoni. Ile ya bei rahisi upande uliofunikwa bado inawaka, upande wa jua imekuwa kama maji ya mchele yaliyoguswa na damu, na mpaka umenyooka kama nimepiga rula. Ile nyingine haijasogea. Ila kilichonishika siyo hicho. Ule upande uliofunikwa, ile mikono mitano, nimeuingiza ndani nikausimamisha ukutani, na mke wangu akapita na sinia, akasimama. Akaniuliza hii nimeichanganya na nini, mbona iko ndani ndani.

Ubao mwingine nimeshaupiga msasa. Huu ni mkubwa, futi nne.

Ndugu Fremu (#44)
Fundi weka picha.

Fundi Rangi (#45)
Kesho asubuhi, mwanga ukiwa mdogo.